Deki ya DVD na TV yako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu deki ya nyumbani, ya kuweka mezani. Tunaposema "TV ya chogo" tunamaanisha ile ya zamani yenye mgongo. "Flati" ni hizi bapa. Maneno ya herufi kubwa, kama SOURCE au SETUP, ndivyo yalivyoandikwa kwenye rimoti au kwenye kioo.

## Kabla ya kununua

1. Nianze kuchagua deki au niangalie TV kwanza?

TV kwanza. Igeuze, au pitisha simu nyuma yake upige picha matundu yote, kisha nenda dukani na picha hiyo. Deki nyingi zinacheza diski zilezile; kinachomrudisha mtu Kariakoo au Luthuli Avenue kesho yake ni waya usio na pa kuingia.

Ukiona tundu bapa lenye upana wa kama sentimita moja na nusu, limeandikwa HDMI, tafuta deki yenye HDMI. Ukiona matundu ya duara ya njano, nyeupe na nyekundu, karibu deki yoyote ya DVD itakufaa. Kama hakuna njano ila kuna kijani, soma swali la 8. Kama kuna katundu kadogo kama ka earphone kalikoandikwa AV IN, swali la 9. Kama kuna tundu la antena tu, ruka hadi la 11 kabla hujatoa hela.

2. Boksi limeandikwa "1080p". Ina maana DVD zangu zitaonekana HD?

Hapana. Picha iliyomo ndani ya DVD ina mistari 576 kwa diski za PAL (mfumo wa picha wa kwetu) na 480 kwa diski za NTSC (mfumo wa Marekani na Japani), basi. Deki yenye HDMI huikuza picha hiyo hadi 1080, lakini haiwezi kuongeza kitu ambacho kamera haikukiweka. Sura iliyofifia itabaki imefifia, ila kwa ukubwa zaidi.

Hata hivyo HDMI ina faida. Waya mmoja unabeba picha na sauti, na rangi hazivuji. Tazama jezi nyekundu au kanga nyekundu kupitia waya wa AV (ule wa rangi tatu) kwenye flati ya inchi 32: wekundu unatoka nje ya mstari wa nguo kama wino kwenye karatasi iliyolowa. Kwa HDMI hutaona hivyo. Kwenye TV ya chogo ya inchi 14 au 21 tofauti hii haionekani, na TV hizo hazina HDMI, kwa hiyo usilipie usichoweza kukitumia.

3. Ninunue deki ya DVD, ya Blu-ray, au nitumie PlayStation niliyonayo?

Kama una PlayStation 2, 3, au 4, tayari una deki: zote zinacheza DVD. Ya 5 pia, ilimradi ni ile yenye sehemu ya diski. PS4 ina kasoro moja: haichezi CD za muziki.

Deki ya Blu-ray inacheza DVD, ila deki ya DVD haichezi Blu-ray hata ubembeleze. Kama maktaba yako ni kwaya, kaswida, taarabu, filamu za Bongo na harusi za ndugu, deki ya kawaida ya DVD inatosha kabisa.

4. Nijaribu nini dukani kabla ya kulipa?

Usikubali kuonyeshwa DVD ya muuzaji peke yake, maana hiyo ni safi na anajua inacheza. Nenda na vitu vyako vinne: DVD orijino, DVD ya kuchomwa yenye michubuko kidogo, CD au VCD ya zamani, na flashi yenye video unazotaka kutazama.

Weka diski na uhesabu. Deki nzima huanza kuonyesha kitu ndani ya sekunde 10 hadi 15. Ikigonga tak, tak, tak, ikanyamaza, ikaanza tena, lenzi yake inatafuta bila kupata. Ikishacheza, ruka hadi sehemu ya mwisho ya filamu. DVD husomwa kuanzia katikati kwenda ukingoni, na deki dhaifu hukwama huko ukingoni, yaani dakika ya 80 ukiwa nyumbani umeshakaa na popkoni.

Kisha tazama uso wa deki. Nyingi za bei ya chini zina vitufe vitatu tu: kucheza, kusimamisha na kutoa trei. Hakuna mishale. Rimoti ikipotea huwezi kuchagua chochote kwenye menyu, kwa hiyo jaribu rimoti yenyewe, kila kitufe. Mwisho soma kibandiko cha nyuma: volti (swali la 6), namba ya eneo (swali la 5), na kama modeli iliyoandikwa hapo ndiyo iliyoandikwa kwenye boksi.

Kwa deki ya mtumba ongeza jaribio moja: iache icheze nusu saa. Lenzi iliyochoka husoma vizuri ikiwa baridi na kuanza kukwama ikipata joto.

5. "Region" ni nini, na kwa nini DVD aliyoniletea ndugu inakataa?

Watengenezaji wa filamu waliigawa dunia katika maeneo ili diski ya sehemu moja isicheze sehemu nyingine. Marekani na Kanada ni 1. Ulaya, Japani, Afrika Kusini, Misri, Oman na nchi nyingine za Ghuba ni 2. Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo, Rwanda na Burundi zimo katika 5, pamoja na India na Urusi. Namba huchapwa ndani ya kialama cha dunia nyuma ya diski na nyuma ya deki.

DVD iliyochomwa mtaani, ya harusi, na nyingi za muziki wa kwetu hazina kizuizi hiki. Kinachokataa ni filamu orijino za studio kubwa. Dawa ni kununua deki iliyoandikwa ALL au 0 nyuma yake, na nyingi za bei nafuu zinazoletwa Afrika Mashariki ziko hivyo tangu kiwandani. Baadhi ya deki hufunguliwa kwa kubonyeza namba fulani za siri kwenye rimoti, lakini namba hizo hutofautiana kwa kila modeli. Usibonyeze za modeli nyingine kwa kubahatisha.

6. Nimeletewa deki kutoka nje. Naweza kuichomeka tu?

Soma kwanza kibandiko kilipo karibu na waya wa umeme. Ikiandikwa 100–240V, chomeka bila wasiwasi. Ikiandikwa 120V 60Hz peke yake, hiyo ni ya Marekani, na umeme wetu wa 230 au 240 utaiunguza papo hapo. Adapta ya kubadilisha umbo la plagi haibadilishi volti. Unahitaji transfoma ya kushusha umeme, yenye uwezo wa wati 50 au zaidi. Deki yenyewe hula kama wati 10 tu.

Deki za Oman na Dubai hazina shida ya umeme, na plagi ni ileile ya pini tatu za mraba. Shida yake ni namba ya eneo: nyingi ni 2.

7. Sina umeme wa gridi, natumia sola. Deki gani inafaa?

Tafuta yenye tundu la DC 12V nyuma, iende moja kwa moja kwenye betri bila inveta. Kuna pia deki ndogo zenye kioo chake, zinazotumia kati ya volti 9 na 12. Soma volti zake kabla ya kuunga, kwa sababu betri ya sola ikijaa hupanda hadi volti 14 na zaidi, na deki ya volti 9 haitavumilia. Angalia pia kama katikati ya pini ni chanya au hasi. Mchoro wake mdogo uko kando ya tundu.

## Kuunganisha

8. Waya wa rangi tatu unaingia wapi, na mbona TV yangu haina tundu la njano?

Njano ni picha. Nyeupe ni sauti ya kushoto, nyekundu ni sauti ya kulia. Nyuma ya deki waya unaingia kwenye matundu yaliyoandikwa OUT, na kwenye TV yaliyoandikwa IN. Zima vyote viwili kwanza. Sukuma pini hadi usikie imekaza. Pini iliyoingia nusu ndiyo chanzo cha nusu ya simu wanazopigiwa mafundi.

Flati nyingi zina matundu matano kwa mstari: kijani, buluu, nyekundu, nyeupe, nyekundu. Hapo tundu la kijani linafanya kazi mbili. Ukilitazama vizuri utaona limezungushiwa rangi ya njano nusu, au limeandikwa VIDEO/Y. Pini ya njano iingie kwenye kijani, nyeupe kwenye nyeupe, na nyekundu kwenye ile nyekundu ya mwisho, baada ya nyeupe. Ile nyekundu iliyo kati ya buluu na nyeupe ni ya picha, si ya sauti. Wengi hukosea hapo, wakabaki na sauti ya upande mmoja.

Ukimaliza bonyeza SOURCE, INPUT au TV/AV kwenye rimoti ya TV, uchague AV. Ukichagua COMPONENT utapata picha isiyo na rangi.

9. TV ina tundu dogo la kama earphone limeandikwa AV IN. Nitumie waya gani?

Tumia ule mfupi uliokuja na TV, wenye jeki ndogo upande mmoja na matundu matatu ya rangi upande mwingine. Usiutupe na boksi.

Ukiupoteza, jihadhari na mbadala. Jeki hizi zina pete tatu nyeusi zinazotenganisha sehemu nne, na kila mtengenezaji hupanga sehemu hizo anavyotaka. Waya wa kamera unafanana kabisa na wa TV, lakini picha inaweza kutokea kwenye nyekundu. Dalili yake ni spika kunguruma kwa nguvu huku kioo kikiwa cheusi: picha imeingia njia ya sauti. Punguza sauti, kisha badilishana pini, njano na nyekundu kwanza, halafu njano na nyeupe. Ukijaribu mipangilio yote bila mafanikio, basi waya huo umepangwa tofauti kwenye njia ya ardhi, na hakuna kubadilishana kutakakosaidia. Nenda na TV yako au modeli yake dukani.

10. TV yangu mpya ina HDMI tu, na deki yangu ina AV tu.

Unahitaji kiboksi cha kubadilisha, kinachotoshea kiganjani. Viko vya aina mbili, vinafanana kwa sura na hata kwa rangi: AV2HDMI na HDMI2AV. Hiyo 2 ya katikati isome "kwenda". Wewe unatoka AV kwenda HDMI, kwa hiyo chukua AV2HDMI. Hakibadilishi kwa njia zote mbili, na kosa hili ni la kila siku.

Kinahitaji umeme wa volti 5 kupitia waya mdogo wa USB. Chomeka kwenye USB ya TV au chaja ya simu. Bila umeme huo TV itasema NO SIGNAL hata kama kila kitu kingine kiko sawa. Ubavuni kina swichi ya 720P na 1080P. Anza na 720P.

11. Nina TV ya chogo yenye tundu la antena tu.

Kwa TV hiyo unahitaji moduleta: kiboksi kinachopokea rangi tatu na kutoa waya wa antena. Washa deki icheze, halafu tafuta chaneli kwenye TV, kwa kawaida katika UHF, mpaka picha itokee. Ihifadhi kwenye namba utakayoikumbuka. Picha ikiwa nzuri na sauti inakwaruza, badilisha mfumo wa sauti kwenye moduleta au TV kati ya B/G, I na D/K.

Wenye deki za zamani za kanda za VHS huzitumia kama moduleta, kwa sababu zina AV ya kuingiza na antena ya kutoa. Inafanya kazi kwa diski za kuchomwa. Kwa DVD orijino soma swali la 17.

12. Deki yangu ya Ulaya ina tundu kubwa lenye meno mengi.

Hilo ni SCART, lina njia 21. Nunua plagi yake yenye matundu matatu ya rangi na kiswichi cha IN/OUT. Ikiwa iko upande wa deki, kiswichi kiwe OUT.

13. Nataka sauti itoke kwenye sabufa.

Picha iende kwenye TV kwa njano au HDMI. Nyeupe na nyekundu zitoke kwenye deki ziingie kwenye sabufa palipoandikwa AUX au DVD. Kwa kawaida deki hutoa sauti kwenye matundu haya hata HDMI ikiwa imechomekwa. Zima sauti ya TV usisikie mwangwi.

Sabufa ya spika tano yenye pini sita inahitaji deki yenye matundu sita ya sauti, yaliyoandikwa FL, FR, SL, SR, C na SW. Deki ya matundu mawili haiwezi kukupa hilo, hata pini zikiingia.

## Picha na sauti zinapokataa

14. Nimeunganisha kila kitu, kioo ni cheusi au kinasema NO SIGNAL.

Kwanza hakikisha TV iko kwenye tundu sahihi: HDMI 1 si HDMI 2. Kwa TV za chogo zisizo na kitufe cha AV, nenda chaneli 0 au shuka chini ya chaneli 1.

Kwa HDMI, kuna uwezekano deki inatuma 1080p na TV ya zamani haiikubali. Bonyeza HDMI au RESOLUTION kwenye rimoti ya deki, subiri sekunde tano kila mara, mpaka picha irudi. Ikishindikana unganisha kwa AV kwa muda, ingia SETUP, weka 720p au 576p, kisha rudi HDMI.

15. Ilikuwa inacheza vizuri, mtoto akachezea rimoti, sasa picha hakuna ila sauti ipo.

Amebonyeza V-MODE, P-SCAN au P/I. Kitufe hicho huhamisha picha kutoka njano kwenda kwenye matundu mengine, kama yale ya kijani, buluu na nyekundu. Deki haijafa, na usimlipe mtu kuifungua.

Toa diski. Trei ikiwa wazi, bonyeza kitufe hicho mara moja, subiri sekunde tano, bonyeza tena. Baada ya mizunguko michache picha itarudi. Kwenye deki nyingi kitufe hiki hakifanyi kazi diski ikiwa inazunguka, ndiyo maana watu hukibonyeza bure na kukata tamaa.

16. Picha ni nyeusi na nyeupe, au inapanda juu bila kutulia.

Kama ni flati, sababu ya kwanza ni ile ya swali la 8: TV iko COMPONENT badala ya AV. Angalia pia kwenye deki: huenda njano imechomekwa kwenye kijani kilichoandikwa Y.

Kama ni TV ya chogo na shida inatokea kwa baadhi ya diski tu, hizo ni za NTSC, mfumo wa Marekani na Japani, na TV yako inajua PAL peke yake. Ingia SETUP ya deki, tafuta TV TYPE, toa AUTO uweke PAL.

17. Picha inafifia, inang'aa, inafifia tena, kama mtu anachezea swichi.

Deki yako inapitia kwenye deki ya kanda kabla ya kufika kwenye TV. DVD nyingi orijino zina kizuizi cha kurekodi kinachoivuruga picha kwa makusudi ikipita humo. Unganisha deki na TV moja kwa moja.

18. Watu wote wamenenepa.

SETUP, kisha TV DISPLAY. Kwa flati weka 16:9. Kwa chogo weka 4:3 LB upate filamu nzima na mistari myeusi juu na chini, au 4:3 PS ijaze kioo kwa kukatwa pembeni. Video za harusi na filamu za zamani zilipigwa kwa 4:3. Hizo ziache ziwe na weusi pembeni, bibi harusi asije akatanuka.

19. Picha ipo, sauti hakuna, au naisikia ala bila mwimbaji.

Ukikosa sauti kwa HDMI na kwa diski chache tu, huenda diski inatoa DTS, aina ya sauti ya sinema, na TV yako haiielewi. Ingia SETUP, sehemu ya AUDIO, ubadilishe RAW kuwa PCM.

Ala bila mwimbaji ni suala jingine. VCD nyingi za karaoke huweka muziki mtupu upande mmoja na muziki wenye sauti ya mwimbaji upande wa pili. Bonyeza AUDIO au L/R mpaka umpate.

20. Spika zinanguruma mmmm muda wote.

Chomoa waya wa antena au dishi kutoka kwenye king'amuzi. Mngurumo ukikoma, vyombo vyako vinapata ardhi kwa njia mbili tofauti. Vichomeke vyote, TV, king'amuzi, deki na sabufa, kwenye ekstensheni moja. Usikate pini ya ardhi.

## Diski, flashi na deki yenyewe

21. Inaandika NO DISC.

Jaribu diski tatu tofauti kabla ya kuilaumu deki. Kama CD za muziki na VCD zinacheza lakini DVD zote zinakataa, umeshapata jibu: lenzi ina miali miwili, mmoja wa CD na mwingine mwekundu wa DVD, na huo wa pili umekufa. Kusafisha hakutaufufua. Kama zote zinasumbua, huenda ni vumbi.

Chomoa umeme, subiri dakika kumi, fungua skrubu za kifuniko. Usiguse bodi iliyo karibu na waya wa umeme yenye kopo kubwa jeusi: kopo hilo hutunza umeme hata deki ikiwa imechomolewa. Lowesha kidogo pamba ya masikio kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, isiyo na rangi wala manukato, zungusha juu ya lenzi taratibu bila kukandamiza. Lenzi inaning'inia kwenye nyaya nyembamba kama unywele. Acha ikauke kabla ya kuwasha, na ukiwasha usiitazame kwa jicho.

Kuna mafundi wanaozungusha skrubu ndogo ya ubavuni mwa lenzi ili "kuiongezea nguvu". Deki husoma vizuri wiki mbili, kisha lenzi inaungua moja kwa moja. Mkataze.

22. Nisafisheje diski, na dawa ya meno kweli inatibu michubuko?

Kitambaa laini, maji na tone la sabuni, ufute kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Ukifuta kwa kuzungusha, kila mchirizi unaoongeza unafuata njia ambayo lenzi inasoma. Dawa ya meno ni msasa laini: huweza kulainisha mchubuko mwepesi, na huweza kuharibu zaidi. Iwe njia ya mwisho, kwa diski ambayo tayari haichezi.

CD na VCD zilinde zaidi upande wa picha. Data yake iko chini tu ya rangi hiyo, na mkwaruzo wa hapo hauna tiba. Kwenye DVD data iko katikati ya tabaka mbili za plastiki.

23. Nimechoma DVD kwenye kompyuta, deki haiisomi.

Mara nyingi haikufungwa: ukimaliza kuchoma lazima programu iifunge diski. Tumia DVD-R badala ya RW, na kasi ya 4x au 8x. Kama umeweka faili la MP4 kama data, swali lijalo linakuhusu.

24. Flashi haionekani, au inaonekana lakini video hazichezi.

Flashi isiyoonekana mara nyingi imefomatiwa kwa exFAT au NTFS, yaani mifumo ya kupanga mafaili. Deki nyingi zinajua FAT32 tu. Ifomati upya, ukijua kila kitu kitafutika, na kumbuka FAT32 haipokei faili moja linalofikia GB 4. Kama isiyoonekana si flashi bali ni hadi diski (hard disk) inayotoa mlio wa kugonga, hapo umeme wa USB ya deki hauitoshi.

Video zenyewe: simu huhifadhi MP4 ya H.264, na deki nyingi za bei ya chini zinaelewa AVI ya Xvid au DivX. Ndiyo sababu unasikia sauti bila picha. Badilisha kwa programu ya kompyuta: AVI, Xvid, sauti MP3, ukubwa usiozidi 720×576. Majina ya mafaili yawe mafupi, bila alama za ajabu.

25. Nitunzeje DVD ya harusi isife?

Nyingi ni DVD-R, na data yake imo kwenye rangi inayochoka kwa jua na joto. Usiiache ndani ya gari wala juu ya deki. Usibandike karatasi, maana huipindisha diski na kuifanya itetemeke ikizunguka. Usiandike kwa kalamu ya wino yenye ncha ngumu.

Inakili leo wakati bado inasoma. Kwenye kompyuta fungua diski, nakili folda nzima ya VIDEO_TS bila kubadilisha jina la faili lolote ndani yake, uweke mahali pawili tofauti. Programu ya VLC itaicheza folda hiyo kama ilivyo, na menyu yake.

26. Trei haitoki.

Ukisikia mota inazunguka na trei haisogei, mkanda mdogo wa mpira umelegea. Ni kipuri cha bei ndogo na fundi hukibadilisha kwa dakika chache. Ukichemsha mkanda wa zamani kwenye maji ya moto hukaza kwa siku kadhaa, zinatosha kuitoa CD ya watu.

27. Fundi anasema lenzi imekufa. Nitengeneze au ninunue deki mpya?

Uliza bei ya lenzi pamoja na ufundi. Ikizidi nusu ya bei ya deki mpya, nunua mpya, isipokuwa kama deki yako ina matundu ambayo mpya hazina, kwa mfano yale sita ya sauti.

Ukiamua kutengeneza, lenzi mpya iwe na namba ileile iliyochapwa kwenye ya zamani, kama KHM-313 au SF-HD65. Lenzi nyingi mpya huja na tone dogo la risasi ya kulehemu lililounganisha nukta mbili, la kuilinda na umeme tuli njiani. Fundi anapaswa kulitoa baada ya kuchomeka mkanda wa nyaya. Asipolitoa, mwali hauwaki na deki itaendelea kuandika NO DISC, kisha utaambiwa hata lenzi mpya ni mbovu.